Uzi: Kusoma siasa na sera za mazingira za kimataifa, masta hadi PhD. Tuongee kwa kina

Mwalo wa Katoro (mleta mada)

Wakuu, habari za wakati huu.

Msimu wa kuomba ufadhili umefika na maswali yameanza kumiminika: "Nataka masta ya mazingira nje ya nchi, niombe chuo gani?" Nimeona niweke uzi kabisa kuliko kujibu mmoja mmoja, maana jibu langu ni refu na linaanzia mbali kidogo na majina ya vyuo.

Kwanza tuelewane ni fani gani. Ipo sayansi ya mazingira: kupima maji, udongo na hewa, kuhesabu miti na samaki. Upo usimamizi wa mazingira: tathmini ya athari, taka, vibali. Halafu kuna hii ya siasa na sera za kimataifa. Hii inauliza nani anaamua, nani analipa, nani anaumia, na kwa nini nchi karibu 200 zenye maslahi yanayogongana hukubaliana kwenye jambo moja na kushindwana kwenye jingine. Utasoma mikataba, uchumi, sheria za kimataifa, historia ya ukoloni na ya biashara, na takwimu za kutosha. Maabara huingii. Nimeona watu waliopenda wanyama na misitu tangu utotoni wakijikuta darasani wanachambua kanuni za kupitisha maamuzi kwenye mkutano wa nchi wanachama, wakateseka mwaka mzima. Ni watu wenye akili nzuri, ila walikuwa wanatafuta kitu kingine.

Nitoe mfano ninaoufahamu. Nimekulia Geita, na kule hakuna asiyeijua zebaki. Mawe yanatoka duarani, yanasagwa kwenye karasha, unga unaoshwa mwaloni, zebaki inakamata dhahabu, kisha donge linachomwa, mara nyingi nyuma ya nyumba ambamo watoto wanalala. Mwanasayansi atapima zebaki kwenye mkojo wa mchomaji na kwenye samaki. Hiyo ni kazi muhimu sana. Mtu wa fani hii anaanzia swali jingine: zebaki haichimbwi Geita, sasa imefikaje pale, na nani mwenye uwezo wa kuizuia isifike?

Hapo ndipo unakutana na Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki. Jina ni la mji wa Japani ambako kiwanda cha kampuni ya Chisso kilimwaga zebaki kwenye ghuba, watu wakala samaki, na ugonjwa ukatambuliwa rasmi mwaka 1956. Mkataba wenyewe ulipitishwa Oktoba 2013, ukaanza kutumika Agosti 2017, na Tanzania ikauridhia 2020. Ibara ya 7 ndiyo ya wachimbaji wadogo. Isome polepole. Hakuna mahali inaposema zebaki ni marufuku kwenye dhahabu ya wachimbaji wadogo. Inazitaka nchi zichukue hatua za kupunguza na, pale inapowezekana, kuondoa kabisa. Nchi ambayo uchimbaji huo si wa kupuuzwa iandae mpango kazi wa kitaifa, na Kiambatisho C kinataja vitendo vinne vya kukomeshwa: kuchanganya zebaki na mawe yote yaliyosagwa bila kuyachenjua kwanza, kuchoma donge pasipo kuzuia mvuke, kuchoma kwenye makazi ya watu, na kutia sayanaidi kwenye marudio (mabaki ya unga uliokwishaoshwa) yenye zebaki bila kuiondoa kwanza.

Tarehe ya mwisho ya zebaki kwenye dhahabu haipo. Lakini migodi inayochimba zebaki yenyewe imepewa ukomo: miaka 15 tangu mkataba uanze kuibana nchi husika. Kwa nini huku pawe na ukomo na kule pasiwe nao? Uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio chanzo kikubwa kuliko vyote cha zebaki inayorushwa hewani na shughuli za binadamu. Tathmini ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2018 iliuweka kwenye asilimia 38 hivi. Kama nia ingekuwa afya tu, ungeanza kubanwa huo. Lakini mezani walikaa wawakilishi wa nchi ambazo familia nyingi mno zinakula kwa dhahabu hiyo, na hakuna serikali inayopenda kutia saini kitu kitakachowageuza wananchi wake wahalifu ghafla bila kuwapa njia nyingine. Umoja wa Ulaya ulikuwa umeshapiga marufuku kusafirisha zebaki nje tangu 2011, Marekani tangu 2013. Zebaki haikuisha sokoni. Ilitafuta njia nyingine.

Mtu akikuonyesha safari hiyo, kutoka kikaango cha nyuma ya nyumba hadi meza ya mazungumzo Geneva na kurudi, ndipo unaelewa fani hii inafundisha nini. Na ndiyo maana ushauri wangu mkubwa kuliko wote ni huu: usiende na mapenzi ya mazingira peke yake, nenda na jambo. Jambo moja la kwenu, unalolijua kuanzia chini, lenye watu wanaofaidika na wanaoumia. Chuo kitakupa nadharia na mbinu za utafiti. Jambo hakikupi. Usipokuwa nalo utapewa la msimamizi wako, na utarudi nyumbani bingwa wa sera za mabwawa ya nchi ambayo hutaishi.

Kuhusu vyuo nitasema kwa kifupi kwa sababu orodha zipo tele mtandaoni. Kuna vilivyoitenga fani hii kama masta inayojitegemea, kwa mfano American University ya Washington kupitia shule yake ya masuala ya kimataifa. Kuna vilivyoiweka ndani ya shule kubwa za mazingira, kama Yale. Ulaya utaikuta Lund, Wageningen, Vrije Universiteit ya Amsterdam, LSE, Sussex na Geneva. Tazama walimu kuliko jina la chuo. Soma makala mbili au tatu za kila mmoja unayemtamani. Kama hakuna hata mmoja anayeandika jambo linalokaribiana na lako, chuo hicho ni kizuri kwa mtu mwingine.

Fedha ndiyo inayokata watu wengi, tuitazame vizuri. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, inalipia masta ya mwaka mmoja Uingereza, inataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili na inakutaka urudi nyumbani kwa angalau miaka miwili. DAAD ya Ujerumani ina kundi la kozi zinazohusu maendeleo ambazo nazo zinataka miaka miwili ya kazi, na shahada ya mwisho isiwe imepita miaka sita. Hiyo ya miaka sita wengi hawaijui mpaka muda umeshawapita. Commonwealth (Jumuiya ya Madola) inao ufadhili wa kuchangia na vyuo vya Uingereza. Taasisi ya Sweden inayo programu yake ya watu walioko kazini. Fulbright ni ya Marekani na nayo ina sharti la kurudi. Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya ni tofauti, kwa sababu unasoma nchi zaidi ya moja ndani ya shahada moja. MESPOM, ambayo ni ya sayansi, sera na usimamizi wa mazingira, kwa miaka mingi imeunganisha vyuo vya CEU (Central European University), Lund, Manchester na Aegean, na imepitisha wengi kutoka Afrika.

Karibuni kwa maswali.

Kijana wa Mazimbu

Ahsante sana mkuu, naweka kambi hapa. Mimi nina shahada ya misitu kutoka SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro), GPA ya kawaida tu, na nimefanya kazi kwenye mradi wa misitu ya vijiji Kilosa. Sijawahi kusoma siasa hata somo moja. Si watanikataa?

Mwalo wa Katoro

Mdogo wangu, uko mahali pazuri kuliko unavyojiona. Darasa la fani hii huwa na wanasheria, wahandisi, waandishi wa habari, watu wa misitu, watu wa uchumi. Kinachotafutwa ni mtu anayeweza kueleza kwa maandishi kwa nini jambo limekaa lilivyokaa.

Na wewe umetoka Kilosa! Hebu nikuonyeshe ulichobeba. Aprili 2008 Norway ilisaini na Tanzania barua ya kusudio la kutoa hadi kroner milioni 500 ndani ya miaka mitano kwa ajili ya misitu na tabianchi, na Kilosa ilikuwa mojawapo ya sehemu za majaribio. Wazo lilikuwa kwamba vijiji vikitunza msitu vilipwe kwa kaboni iliyobaki ardhini na mitini. Jiulize kwa nini Norway, nchi ya mafuta na gesi, iwe ya kwanza kulipia miti ya Kilosa. Jiulize kijiji kilikuwa na haki gani kisheria ya kuuza. Jibu la hilo la pili linaanzia kwenye Sheria ya Misitu ya 2002, iliyokiruhusu kijiji kuwa na hifadhi yake ya msitu.

Darasani utakutana na Garrett Hardin, aliyeandika mwaka 1968 kwamba mali ya wote huishia kuharibiwa na wote, na dawa ni ama umiliki binafsi ama mkono wa dola. Kisha utakutana na Elinor Ostrom, aliyekusanya mifano ya wavuvi, wakulima wa umwagiliaji na wenye misitu duniani kote akaonyesha kwamba wanakijiji wanaweza kujitungia kanuni zikadumu kwa vizazi. Alipata Nobeli ya uchumi mwaka 2009, mwanamke wa kwanza kuipata. Wenzako watamsoma kama nadharia. Wewe umekaa kwenye kamati za misitu za vijiji, umeona kamati inayofanya kazi na iliyokufa, na unajua kwa nini.

Sasa lisogeze mbele. Tanzania ilitoa kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kiko hapo hapo SUA kwenu. Ibara ya 6 ya Mkataba wa Paris, ule wa tabianchi wa 2015, inaruhusu nchi kuuziana punguzo la gesijoto, kwa sharti kwamba punguzo likishauzwa chini ya utaratibu huo, nchi iliyouza hailihesabu tena kwenye ahadi yake yenyewe. Kijiji kikisaini na mnunuzi wa nje, nchi nayo inaweza kuwa imetoa kitu itakachokihitaji kutimiza ahadi yake ya 2030. Nani aliyekuwa mezani siku ya kusaini? Kijiji kilisomewa mkataba kwa lugha gani? Fedha zinagawanywaje kati ya kampuni, halmashauri na kijiji? Hilo ni swali la tasnifu ya masta, tena la tasnifu nzuri, na wewe una namba za simu za wenyeviti wa vijiji.

Kwenye maelezo binafsi usianze na "tangu utotoni nimependa mazingira." Anza na Kilosa. Eleza ulichoshuhudia, swali lililokubakia, mwalimu gani wa chuo hicho anagusa swali hilo, na utakachofanya ukirudi. GPA ya kawaida inafunikwa na maelezo ya namna hiyo pamoja na barua ya mapendekezo kutoka kwa mtu aliyekusimamia kazini. Barua ya profesa mwenye jina kubwa asiyekukumbuka haisaidii kitu.

Mzee wa Gigiri

Salamu kutoka Nairobi, ndugu zangu. Mleta mada umeeleza vyema, ila naona mjadala wote unaelekea uwanja wa ndege. Niongeze ya huku.

Makao makuu ya UNEP yako hapa Gigiri. Shirika lenyewe lilizaliwa mwaka 1972 baada ya mkutano wa Stockholm, na nchi zetu zilipigana liletwe upande huu wa dunia. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi wa Nairobi anaweza kupanda matatu akaenda kuketi na kusikiliza mazungumzo ambayo mwanafunzi wa London anayasoma kwenye makala. Machi 2022, mkutano wa mazingira wa Umoja wa Mataifa uliketi hapa na kukubali kuanza kuandika mkataba wa plastiki, kwa msingi wa pendekezo la Rwanda na Peru. Novemba 2023 duru moja ya mazungumzo ikafanyika hapa hapa. Ikaja Busan mwishoni mwa 2024, pakashindikana. Ikaja Geneva Agosti 2025, pakashindikana tena, kwa sababu kundi moja linataka ukomo wa kuzalisha plastiki na nchi zenye mafuta zinataka tuzungumzie taka pekee. Vijana wangu waliingia vikao hivyo kama waangalizi kupitia mashirika yenye kibali. Shahada ilikuwa ya Chuo Kikuu cha Nairobi.

Hapo chuoni kuna kituo cha sheria na sera za mazingira, CASELAP, na kuna taasisi ya amani na mazingira yenye jina la Wangari Maathai, ambaye mwenyewe alipata uzamivu wake chuoni hapo 1971 kabla ya kuanzisha Green Belt, harakati ya kupanda miti, mwaka 1977 na kupata Nobeli 2004. Dar es Salaam kuna taasisi ya tathmini ya rasilimali, IRA. Chuo Kikuu cha Cape Town kuna ACDI, inayoshughulikia tabianchi na maendeleo. Ada ni tofauti kabisa na za Ulaya, na utafiti wako uko mlangoni.

Halafu jambo la pembe za ndovu, kwa sababu vijana hudhani Afrika huketi upande mmoja daima. Mwaka 1989 Kenya ilichoma takriban tani 12 za pembe mbele ya dunia, na mwaka huo huo mkutano wa CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ukafunga biashara hiyo. Tanzania ilikuwa miongoni mwa waliopendekeza ifungwe. Mwaka 2010 kule Doha, Tanzania ileile ikaomba iruhusiwe kuuza akiba ya karibu tani 90, na Kenya ikasimama kuipinga. Ombi likakataliwa. Majirani, wanyama wanaovuka mpaka mmoja, misimamo miwili. Ukitaka kuelewa siasa za mazingira, tafuta taarifa za mkutano ule usome kila nchi ilisema nini na ilikuwa na nini ghalani.

Mkweli Daima

Wakuu, niseme ukweli hata kama hautapendwa. Ndugu yangu wa damu alisoma hii kitu Ulaya, amerudi, amekaa muda mrefu bila kazi. Hizi ni fani za wazungu. Wao ndio waliochafua, wao wanatufundisha namna ya kulalamika kwa adabu, halafu kwenye mkutano wanatupa wanachotaka. Mkataba wa Paris una miaka mingapi sasa? Ahadi ya nchi tajiri kutoa dola bilioni 100 kwa mwaka kwa nchi maskini kwa ajili ya tabianchi ilitoka 2009 Copenhagen, ilitakiwa itimie 2020, ikachelewa. Baku 2024 tukaomba trilioni 1.3 tukapewa ahadi ya bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Kijana asome uhasibu au udaktari.

Mwalo wa Katoro

Mkuu Mkweli, takwimu zako ni sahihi na uchungu wako naushiriki. Nampa pole ndugu yako. Kuhusu ajira sitampamba mtu: nafasi serikalini ni chache, mashirika ya kimataifa yanataka uzoefu kabla hujaupata, na miradi inaisha. Ndiyo maana nasema mtu aende akiwa na kazi aliyoiacha au taaluma ya kuegemea. Mwanasheria aliyeongeza fani hii anapata kazi. Mtu wa misitu au wa madini anapata. Aliyetoka shahada ya kwanza moja kwa moja akaenda masta bila kugusa kazi yoyote ndiye anayerudi akahangaika.

Ila kwenye hilo la kulalamika kwa adabu, nakataa kwa nguvu zote, na naomba unisikilize.

Mkutano wa tabianchi hauna kura. Kanuni ya kura, namba 42, haijawahi kupitishwa tangu mwanzo, kwa hiyo kila jambo linapita kwa maafikiano. Maana yake nchi ndogo yenye mtu aliyesoma nyaraka inaweza kuzuia, na nchi ndogo yenye wajumbe waliokwenda kupiga picha inapitiwa juu. Vikundi vya mazungumzo vinakaa kwa wakati mmoja vyumba vingi, usiku hadi alfajiri. Nchi tajiri ina mtu kila chumba na mwanasheria nyuma yake. Sisi mtu mmoja anashika mada nne. Anayekosa chumba, aya yake inabadilishwa akiwa hayupo.

Tazama hasara na uharibifu, yaani madhara ya tabianchi ambayo hayakuzuilika. Mwaka 2015 Paris ilikubali ibara ya 8 juu ya hasara hizo, lakini kwenye uamuzi ulioambatana na mkataba, aya ya 51, pakaandikwa kwamba ibara hiyo si msingi wa kudai fidia wala kumwajibisha yeyote. Aya moja! Ilichukua hadi Sharm el-Sheikh 2022 kupata makubaliano ya kuunda mfuko, na Dubai 2023 kuanza kuuwekea fedha, ahadi za dola milioni 700 hivi, kiasi kidogo mno mbele ya madhara. Lakini mfuko upo, na upo kwa sababu nchi za visiwa na za Afrika hazikuliachia jambo hilo kwa miaka 30. Waliolibeba ni watu waliojua kila aya ya kila uamuzi wa nyuma.

Na watu hao wengine ni wetu. Dkt. Richard Muyungi, Mtanzania, alishawahi kuongoza chombo cha ushauri wa kisayansi cha mkataba wa tabianchi, na kwa 2025 na 2026 anaongoza Kundi la Wapatanishi wa Afrika, linalozungumza kwa niaba ya nchi za Afrika kwenye mikutano ya tabianchi. Kabla yake alikuwa Ali Mohamed wa Kenya. Nyuma ya mwenyekiti wanahitajika makumi ya vijana wa kuandaa hoja, kuhesabu, kulinganisha rasimu ya jana na ya leo. Tusipowasomesha wetu, hoja zetu zitaandikwa na washauri wa kukodi kutoka nje, na hilo limekuwa likitokea. Mimi linaniuma sana.

Kuhusu kufundishwa macho ya wazungu: hatari ipo. Dawa yake ni kusoma nyaraka zenyewe kabla ya kusoma wanaozichambua. Chukua mkataba mmoja, usome wote na viambatisho. Kisha fungua Earth Negotiations Bulletin, ambayo ni bure na imeripoti mazungumzo haya tangu 1992, siku kwa siku, nani alisema nini. Baada ya hapo ndipo uingie kwenye jarida la Global Environmental Politics na mengine. Ukifika darasani ukiwa umeshasoma hivyo, profesa hawezi kukuelezea Afrika ilitaka nini, unamwonyesha ukurasa.

Mkweli Daima

Nimekuelewa mkuu. Hilo la aya ya 51 sikulijua. Bado nasema kijana asiuze shamba la baba yake kwa ajili ya masta.

Mwalo wa Katoro

Hapo tuko pamoja asilimia mia. Bila ufadhili kamili usiende. Omba mwaka huu, ukikosa omba tena mwakani ukiwa kazini. Na jihadharini na mawakala wanaodai ada ya "kuhakikishiwa udahili." Maombi yote niliyoyataja hapo juu unayafanya mwenyewe kwenye tovuti zao.

Binti Pangani

Shikamooni wakubwa. Nimesoma uzi wote. Mimi nina masta ya sheria tayari, nafanya kazi Tanga, nina watoto wawili. Nataka PhD kuhusu bomba la mafuta la Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, huku Tanga. Nikimwambia mtu ananiambia mada hiyo ni ya wanaharakati, itaniletea matatizo. Pia sijui PhD ya Ulaya na ya Marekani zinatofautianaje.

Mwalo wa Katoro

Marahaba dada. Nianze na la pili maana ni jepesi.

Marekani PhD ni ndefu, miaka mitano na kuendelea, miaka ya mwanzo ni masomo na mitihani, na vyuo vizuri vinakulipia ada na posho ukifundisha au kusaidia utafiti. Sweden, Norway na Uholanzi mara nyingi PhD ni ajira: inatangazwa kama kazi, unaomba kama kazi, unalipwa mshahara na haki za mfanyakazi zikiwemo za uzazi. Kwa mama wa watoto wawili hilo ni jambo kubwa. Uingereza ni miaka mitatu hadi minne, unaingia na andiko lako la utafiti, na fedha unatafuta kivyake. Kama watoto hawawezi kuhama, ulizia utaratibu wa kusoma hapa nyumbani ukiwa na msimamizi wa pili nje. Wapo wengi wanaofanya hivyo, hasa Dar es Salaam, Makerere na Nairobi.

Sasa bomba. Mada ni nzuri sana, lakini "bomba la mafuta" bado si swali. Tukilitazama kwa macho ya fani: kilomita 1,443, sehemu kubwa ndani ya Tanzania, linapashwa moto njia nzima kwa sababu mafuta ya Uganda yanaganda. TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62, Uganda na Tanzania kupitia mashirika yao 15 kila moja, CNOOC ya China 8. Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulikosoa Septemba 2022, na Kampala na Dodoma zikajibu kwamba huko ni kuingiliwa. Benki na kampuni za bima kadhaa za nchi za Magharibi zikajitoa. Asasi za kiraia zikafungua kesi Arusha kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki mwaka 2020, na Novemba 2023 ikatupwa kwa hoja ya kuchelewa kufunguliwa. Nyingine ilifunguliwa Ufaransa chini ya sheria ya nchi hiyo ya 2017 inayozibebesha kampuni kubwa wajibu wa kuzuia madhara ya shughuli zao hata nje ya nchi, nayo Februari 2023 ikakwama kwenye taratibu.

Wewe ni mwanasheria. Unaona ninachokiona? Kesi mbili, mahakama mbili, mabara mawili, zote zimekwama mlangoni kabla ya hoja zenyewe kusikilizwa. Swali lako linaweza kuwa: mtu wa Tanga au wa Hoima aliyeathirika na mradi wa kampuni ya nje ana mlango gani wa kisheria ambao kweli unafunguka, na nani aliyeijenga hiyo milango? Hapo hujatetea bomba wala hujalipinga. Mtu wa serikali, mtu wa kampuni na mwanaharakati wote watahitaji jibu lako, na wote watakubali kuhojiwa.

Kuhusu matatizo: pata kibali cha utafiti kabla hujamhoji mtu yeyote, kwa maandishi, kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji. Majina ya unaowahoji yasikae kwenye simu yako wala kwenye daftari unalotembea nalo. Usichapishe chochote mtandaoni wakati ungali unakusanya data. Waliopisha njia ya bomba wanazo nyaraka za fidia. Usizipige picha bila ridhaa yao, na waeleze mapema kwamba utafiti wako hautawaongezea fidia, ili wasikupe maelezo wakitarajia kitu ambacho huwezi kuwaletea.

Andika kurasa mbili: swali, kwa nini ni muhimu, walioandika kabla yako walifika wapi, utakusanya nini na wapi, kwa muda gani. Zitumie kwa msimamizi mmoja mmoja, kila mmoja barua yake inayotaja makala yake uliyosoma, usitume barua moja kwa watu ishirini. Kabla ya kutuma, ukipenda, ziweke hapa tuzipitie. Mzee wa Gigiri najua hatakataa kuzisoma.

Mzee wa Gigiri

Ziletwe. Na wewe binti, uamuzi wa Arusha wa Novemba 2023 usome mwenyewe wote kabla ya kuandika hizo kurasa, hasa sehemu ya hesabu ya muda wa miezi miwili wa kufungua shauri. Nadhani sura yako ya kwanza iko humo.